Likizo ya Dada

Wanafunzi wangu wa udereva huniita Bwana Breki. Gari ninalofundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwangu, na mimi sina subira: mwanafunzi akichelewa kidogo tu, mguu wangu umeshakanyaga na kichwa chake kimeshatikisika. Miaka ishirini na miwili nimesimama mbele ya ubao wenye alama za barabarani, fimbo mkononi, nikiuliza, "Hii nayo inatuambia nini?" Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa sijui.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na miaka saba, yeye kumi na tisa, na baba alikuwa mtu wa safari zisizo na siku ya kurudi. Dada akaacha masomo, akapata kazi ya udobi katika hospitali kuu. Akakaa huko miaka thelathini na moja, amesimama kwenye sakafu ya saruji isiyokauka, akifua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa. Alipostaafu wenzake walimpa saa ya ukutani. Kazi yenyewe ilimwachia miguu. Katika ukoo wetu ukisema "miguu ya dada" hakuna anayeuliza ni miguu gani. Ilikuwa imevimba kuanzia kwenye vifundo, mishipa imetuna, na ikifika jioni anasema inawaka kama amekanyaga makaa.

Mwenzake mmoja wa kule kwenye udobi ndiye aliyemsimulia habari za chemchemi za maji moto. Ziko mwendo wa saa moja kutoka mji mmoja wa ziwani, unakaa juu ya jiwe, unatumbukiza miguu, unatulia. Dada si mtu wa kuomba kitu. Lakini habari hizo alizitaja mara tatu katika mwezi mmoja, na kwa dada mara tatu ni sawa na mtu mwingine kupiga magoti.

"Dada, nimepata likizo ya wiki," nikamwambia. "Twende kwenye hayo maji yako."

"Kuku wangu wataangaliwa na nani?"

"Jirani."

"Na gesti huko si ghali?"

"Hiyo niachie mimi."

Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Basi ngoja nikanunue viatu. Hivi nilivyonavyo ni aibu kuvivua mbele ya watu."

Tuliondoka Jumatatu asubuhi, tukafika alasiri. Nyumba ya wageni ilikuwa ya ghorofa moja, safi, vyumba vyetu vinatazamana. Dada alipoingia chumbani kwake kitu cha kwanza alikamata ncha ya shuka, akaisugua kati ya vidole, akainusa. "Wanafua vizuri," akasema, "ila pasi yao haina moto wa kutosha." Nikacheka, naye akacheka. Tulipanga Jumanne tupumzike na kutembea mjini taratibu, Jumatano twende kwenye maji, Alhamisi turudi tena akipenda, Ijumaa nyumbani.

Jumanne asubuhi nikataka miwani ya jua. Hiyo ndiyo sababu yote, miwani ya jua. Nilikuwa nimeona watu wa likizo wamevaa nikajiona kama mtu aliyekuja kikazi. Mtaa wa maduka ulikuwa umejaa magari pande zote mbili, hakuna hata upenyo, isipokuwa nafasi moja mbele ya zahanati ndogo yenye ukuta wa buluu. Nikalichomeka gari pale kwa mara moja, bila kurudi nyuma mara mbili, nikajisifu kimoyomoyo.

"Pale wameandika gari la wagonjwa," dada akasema.

Nikatazama. Kibao kilikuwepo, juu ya nguzo, rangi imepauka na tawi la mti linapita mbele yake.

"Kile cha zamani, dada. Rangi yenyewe imekwisha. Dakika tano tu."

"Haya. Wewe ndiye mwalimu."

Dakika tano zikawa kama arobaini. Nilijaribu miwani kumi na kitu, nikajitazama kwenye kioo, nikabishana bei na muuzaji mpaka naye akachoka. Dada alikaa kwenye kigoda cha duka akanisubiri. Tuliporudi, gurudumu la mbele la gari langu lilikuwa limekabwa na chuma cha njano, kimefungwa kufuli, na karatasi ya faini imebanwa chini ya waipa.

Askari wa maegesho alikuwa bado yuko pale, mama mmoja mfupi wa makamo, kizibao cha kung'aa kimemzidi mabega. Alitusalimu vizuri. Akamsalimia dada kwanza, akamwambia pole kwa jua. Kisha akanieleza kwamba nimeegesha mahali pa gari la wagonjwa, kwamba nikilipa leo au kesho ni nusu ya faini, na kwamba ada ya kufungua chuma hulipwa palepale.

"Mama, mimi ni mwalimu wa udereva," nikamwambia. "Nafundisha alama za barabarani mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Basi hii unaijua," akasema.

Hakusema kwa kejeli, nadhani. Lakini watu wawili waliokuwa wamesimama kwenye mlango wa duka jirani walicheka, na kicheko kile kikaniingia mahali pabaya. Nikalipa ada ya chuma. Faini nikakataa. Nikamwambia tutaonana mbele ya sheria.

Alipokwisha kuondoka nilitoa simu nikapiga picha za kibao. Nilipiga nikiwa nimesimama, kinaonekana. Nikachuchumaa, nikasogea kushoto hatua mbili, nikapata pembe ambayo tawi lilikifunika chote, imebaki nguzo tu. Hiyo nikaitunza, zile nyingine nikazifuta. Dada alikuwa ndani ya gari ananitazama kupitia kioo.

Ofisi za baraza la mji zilikuwa mtaa wa pili. Karani akaniambia nikitaka kupinga nijaze fomu, nifike mahakamani kesho saa mbili asubuhi. Akanionya kwa upole kwamba nikishindwa nitalipa faini nzima na gharama za kesi juu yake. Nikajaza fomu.

"Lipa, mdogo wangu, twende zetu," dada akasema niliporudi garini.

"Si suala la pesa, dada. Ni heshima."

"Heshima ya nani?"

"Yangu."

Akafungua mkoba wake, akatoa leso, akajifuta uso.

Jumatano, siku ya maji, tulikuwa kwenye korido ya mahakama saa moja na nusu. Ningeweza kumwacha gesti. Nilimchukua kwa sababu nilijua hakimu akimwona mama mtu mzima mwenye miguu ile atalainika. Alikaa kwenye benchi lisilo na egemeo, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Wakaita majina, yetu hayamo. Wakaenda kunywa chai, wakarudi. Ilipofika saa sita dada akavua viatu vyake vipya, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na kuvizidi, akaviweka chini ya benchi kimoja kando ya kingine. Nilimnunulia maji na ndizi mbili. Aliniuliza mara moja tu kama naona tutawahi kwenda leo, nikamwambia tutawahi. Saa tisa karani akatoka akasema askari wa maegesho alikuwa zamu upande mwingine wa mji, kesi yetu kesho.

"Kesho ndiyo Alhamisi," dada akasema.

"Tukimaliza mapema tutaenda mchana."

"Haya."

Alhamisi asubuhi, tukinywa chai kwenye ukumbi wa gesti, nikaanza kumzunguka. Nikamwambia hakimu anaweza kumuuliza maswali. Nikamwambia akiulizwa habari za kibao, aseme hakukiona.

Aliweka kikombe chini. "Unataka niseme sikukiona."

"Sema tu hukuangalia. Si uongo mkubwa, dada. Tawi lilikuwepo kweli."

"Tawi lilikuwepo," akasema. Kisha akainuka akaenda kuvaa viatu vyake vya zamani. Nikaona amekubali.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, kina feni moja inayolia. Hakimu alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani imemshuka puani, mafaili mbele yake yamefungwa kwa kamba. Nikasomewa shtaka, nikakana. Nikaeleza vizuri, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Nikataja kanuni, umbali ambao kibao kinapaswa kuonekana, wajibu wa baraza kupogoa miti. Nikatoa ile picha. Hakimu akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Hapa kweli sioni kibao," akasema, na moyo wangu ukachanua.

Kisha akaitwa yule askari wa maegesho. Akala kiapo kwa sauti ndogo. Alisema aliliona gari langu, akangoja kidogo akidhani mwenyewe amekimbia ndani kwa dharura. Akasema wakati anangoja, gari la wagonjwa likaja likiwa na mwanamke mwenye uchungu wa kujifungua. Halikupata pa kusimama. Likasimama ng'ambo ya barabara, na yule mwanamke wakamvusha kwa miguu kati ya magari, muuguzi kamshika huku, yeye askari kamshika huku.

"Alifika salama?" hakimu akauliza.

"Alifika, mheshimiwa. Alikaa chini mara moja katikati ya barabara, ila alifika. Ndipo nikaweka chuma."

Mimi nilikuwa nasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba inaniharibia kesi. Yule mwanamke mwenyewe nilikuja kumfikiria baadaye.

Hakimu akaniuliza kama nilikuwa peke yangu. Nikasema nilikuwa na dada yangu, yule pale nyuma. Akamwomba asogee. Dada akaja akishika migongo ya viti, akapewa kiti, akakataa, akasimama. Akala kiapo.

"Mama, ulipofika pale, ulikiona hicho kibao?"

Dada alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Ni macho yaleyale niliyoyajua tangu utotoni, anapokuja kuniamsha na hataki niamke vibaya.

"Nilikiona," akasema.

"Kilisomeka?"

"Kilisomeka. Rangi imepauka lakini nilisoma. Nikamwambia. Akasema ni cha zamani."

"Na picha hii?"

"Alichuchumaa," dada akasema. "Ukisimama kinaonekana."

Mtu mmoja nyuma yangu akaguna. Hakimu alivua miwani, akanitazama kwa muda ambao bado sijaumaliza. Akasema faini nzima, na gharama za kesi, na kwamba angeweza kunifungulia shauri jingine la kudanganya mahakama, lakini kwa heshima ya huyu mama hatafanya hivyo. "Mshukuru," akaniambia.

Sikumshukuru. Nililipa dirishani, nikapewa risiti mbili, na kilichobaki mfukoni kilikuwa cha mafuta ya kurudia na kidogo juu yake. Nikaenda gesti nikafunga vitu vyangu. Dada akaelewa, akafunga vyake. Alitandika kitanda chake kabla hatujatoka, nikiwa nimesimama mlangoni na funguo mkononi nazichezesha ili ajue anachelewesha.

Tukatoka mjini saa saba mchana. Nilikuwa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Dada alijaribu. Alisema mawingu yale huenda ni ya mvua. Alisema injini leo haina kelele. Sikujibu. Mwendo wa kama nusu saa kutoka mjini kuna njia panda, na pale pana kibao kikubwa cha kijani chenye mshale na maneno Chemchemi za Maji Moto. Nilimwona dada akikisoma. Kichwa chake kilikifuata kibao kile kuanzia mbele ya gari, kikapita dirishani kwake, mpaka akageuka kidogo kukitazama kikiwa nyuma yetu. Hakusema, "Tusimame." Mikono yake ilikuwa mapajani, na aliifunga akaifungua.

Mimi niliona yote hayo. Mguu wangu wenye haraka ya breki ulikuwa juu ya mafuta, na haukutoka.

Nilijiambia hatuna fedha ya kiingilio. Baadaye sana mwanafunzi mmoja wangu aliyewahi kufika huko aliniambia hakuna kiingilio. Watu wanaingia tu, wanakaa, wanaondoka.

Tulifika kwake jioni, kuku wanaingia bandani. Nikamshushia begi mpaka mlangoni. "Asante kwa safari, mdogo wangu," akasema, na hakukuwa na mzaha ndani yake. Nikasema haya, nikageuza gari.

Sikwenda kwake wiki sita. Mtoto wa mtu hunyonyeshwa kiburi na nani, sijui, maana dada hakuninyonyesha hicho. Nilikuwa napita barabara ya karibu na kwake nikiwa na wanafunzi, nikawaelekeza wakate kulia mapema. Niliwasimulia jamaa kazini kwamba dada yangu mwenyewe aliniuza mahakamani. Wengine wakacheka. Katibu wetu wa shule, mama asiyependa maneno mengi, akaniuliza, "Kwani alisema uongo?" Nikaacha kuisimulia.

Wiki ya saba jirani yake akanipigia simu. Dada alikuwa amelazwa. Mguu wa kushoto ulipata kidonda juu ya kifundo, akakificha akidhani kitapona, hakikupona, na damu ikaganda kwenye mshipa. Nilimkuta katika hospitali ileile aliyofanyia kazi, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Miguu yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji mpaka magotini, imeinuliwa juu ya mito. Alikuwa anamweleza mfanyakazi wa usafi namna ya kuloweka shuka lenye dawa ya njano.

Daktari aliniita pembeni. Akaniambia atapona, atatembea, lakini miguu ile sasa iangaliwe kama yai. Soksi za kubana kila siku. Asisimame sana. Na maji ya moto marufuku, hata ya beseni.

"Hata chemchemi?" nikauliza.

"Hasa hizo," akasema. "Angekwenda mapema, kabla ya kidonda, sawa, angejiburudisha. Sasa basi tena."

Nilirudi nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanipotea yote.

"Dada, nisamehe," nikasema.

"Nilikwisha kukusamehe," akasema. "Siku ileile, pale njia panda. Nilijua una hasira, na mwenye hasira hageuzi gari."

"Ungesema tu tusimame."

"Na wewe uligeuka kunitazama?"

Nikashika ukingo wa shuka. Kisha nikatoa kilichokuwa moyoni. Nikamwambia mbele ya hakimu nilidhani atanisaidia, kwa sababu siku zote amenisaidia.

Akatazama mito iliyoshika miguu yake.

"Unakumbuka darasa la tano, dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu?"

Nilikumbuka kwa mbali. Dirisha lilivunjwa kwa mpira.

"Mwalimu mkuu alikuja nyumbani," dada akasema. "Akaniuliza kama siku ile jioni ulikuwa na mimi. Ulikuwa huna hata sare ya pili, nikaogopa watakufukuza, nikasema ulikuwa nyumbani unanisaidia kuteka maji. Wakamshika mwenzako, yule mtoto wa fundi viatu. Wakamchapa mbele ya shule nzima. Yeye ndiye aliyefukuzwa. Nilikuwa nakutana na mama yake sokoni, ananisalimia. Miaka arobaini na moja, mdogo wangu. Pale mahakamani, yule mama askari aliposema habari za mjamzito kukaa chini barabarani, nikajua siwezi kurudia."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ulikuwa mtoto. Na baadaye ulikuwa mwalimu."

Muuguzi akaja kupima presha. Dada alimnyooshea mkono, akamuuliza zamu yake inaisha saa ngapi na kama viatu vile havimbani.

Alitoka hospitali baada ya siku kumi na moja. Sasa namchukua kila Jumamosi kumpeleka kubadilisha bandeji, na tunazungumza vizuri, habari za kuku, za majirani, za wanafunzi wangu wanaoogopa magari makubwa. Nilipomwambia mwaka huu nina likizo tena, twende popote anapotaka, alinishukuru akasema nyumbani panamtosha. Sikumsukuma.

Yule mtoto wa fundi viatu nimemuulizia. Hakuna anayejua alikohamia. Nimejaribu kuikumbuka sura yake, kwa sababu tulikaa dawati moja mwaka mzima na mpira uliovunja dirisha ulikuwa wangu. Nakumbuka fulana yake, ilikuwa na mistari. Sura haiji.